Kipimamvua na Ziwa: Ugumu wa Kuhesabu Maji ya Ziwa Victoria

Kati ya miezi ya mwisho ya mwaka 1961 na Mei 1964, maji ya Ziwa Victoria yalipanda kwa takribani mita mbili na nusu. Gati zilizama, mashamba ya ukingoni yakageuka vinamasi, na vijiji kadhaa vya wavuvi vikalazimika kuhama. Eneo la Ziwa ni kilomita za mraba 68,800 hivi. Kwa hiyo mita hizo mbili na nusu ni sawa na kilomita za ujazo 172 za maji. Hapo kabla, Mto Nile ulikuwa ukitoa Ziwani, pale Jinja, wastani wa kilomita za ujazo 20 hivi kwa mwaka. Yaani katika muda usiotimia miaka mitatu Ziwa lilijiwekea akiba ambayo Nile ya zamani ingehitaji zaidi ya miaka minane kuichukua.

Watu walimtafuta mkosaji, na mkosaji wa kwanza kuonekana alikuwa bwawa la Owen Falls, lililoanza kufanya kazi mwaka 1954. Lakini bwawa lile liliendeshwa kwa mkataba uliotaka maji yatolewe kwa kadiri ileile ambayo maporomoko ya asili yangeyatoa kwa kina kilichopo. Mkosaji wa kweli alikuwa mvua, maana mvua za mwishoni mwa 1961 zilipita desturi katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki. Jambo hilo mkulima yeyote wa wakati ule angeweza kulieleza. Kulithibitisha kwa hesabu ndiko kulikokuwa kugumu. Mwaka 1967 nchi za bonde la Nile, zikisaidiwa na Umoja wa Mataifa na Shirika la Hali ya Hewa Duniani, zilianza uchunguzi maalumu wa maji ya Ziwa, lakini hata baada ya kazi hiyo hesabu ziliendelea kukataa kuafikiana. Ni mwaka 1986 ndipo Piper, Plinston na Sutcliffe walipochapisha hesabu iliyoweza kufuata kupanda kule kwa namna ya kuridhisha, wakitumia vituo 8 vya mvua vilivyo kandokando ya Ziwa na kisiwani. Zaidi ya miaka ishirini ilikuwa imepita.

Msomaji atauliza: kwa nini jambo ambalo kila mtu alilowa kwalo lichukue muda wote huo kuhesabiwa? Jibu limo ndani ya chombo kidogo cha bati kiitwacho kipimamvua.

Mapato na matumizi

Wataalamu wa maji hutunza mizania kama mweka hazina wa chama cha ushirika. Upande wa mapato ya Ziwa kuna mambo mawili: mvua inayonyesha moja kwa moja juu ya maji, na mito inayoingia, kama vile Kagera, Nzoia, Sondu, Mara na Simiyu. Upande wa matumizi kuna uvukizi, yaani maji yanayogeuka mvuke na kupaa, na kuna Nile inayotoka Jinja. Tofauti ya pande hizo mbili ndiyo kupanda au kushuka kwa Ziwa.

Ili vipimo vyote vilingane, tuviandike kwa milimita za maji zilizotandazwa juu ya Ziwa zima kwa mwaka mmoja. Tarakimu zifuatazo nimezizungusha ili hesabu iwe nyepesi, lakini haziko mbali na zile zilizopatikana kwa miaka ya 1950 hadi 1970: mvua 1,800; mito 340; uvukizi 1,600; Nile 520. Jumlisha mapato, utapata 2,140. Jumlisha matumizi, utapata 2,120. Zinabaki milimita 20, nazo ndizo Ziwa lilizopanda.

Tazama sasa uzito wa mvua: asilimia 84 ya mapato yote. Mto Kagera, ambao ndio mkubwa kuliko mito yote iingiayo, na ambao tumezoea kuuita chanzo cha Nile, ni mchangiaji mdogo mbele ya mawingu.

Tuseme mvua hiyo imepimwa kwa shaka ya asilimia 10 tu. Neno shaka hapa halina maana ya uzembe. Kosa ni jambo unaloweza kulisahihisha ukilijua. Shaka ni upana wa mahali ambapo ukweli unaweza kuwa umejificha baada ya kazi kufanywa kwa uaminifu. Asilimia 10 ya 1,800 ni milimita 180. Zidisha kwa eneo la Ziwa, utapata kilomita za ujazo 12 na zaidi kwa mwaka. Hiyo ni zaidi ya nusu ya maji ya mito yote iingiayo, na ni theluthi moja ya maji yote yatokayo Jinja.

Mambo huwa mabaya zaidi tukitaka kujua mvua imezidi uvukizi kwa kiasi gani. Uvukizi nao, tuseme, una shaka ya asilimia 10, yaani milimita 160. Kutoa 1,600 katika 1,800 ni kazi ya mtoto wa darasa la pili: jibu ni 200. Lakini shaka hazitolewi, hujumuika. Kwa kuwa shaka mbili zisizohusiana hazivuti upande mmoja kila mara, hatuzijumlishi moja kwa moja, bali tunajumlisha vipeo vyake vya pili kisha tunatafuta kipeuo: 180 mara 180 ni 32,400, 160 mara 160 ni 25,600, jumla 58,000, kipeuo chake cha pili ni 241. Kwa hiyo jibu letu ni 200, pamoja na shaka ya 241. Huenda mvua imezidi uvukizi kwa milimita 441, na huenda uvukizi ndio uliozidi mvua kwa milimita 41. Namba mbili kubwa, kila moja ikijulikana kwa kiwango cha kuheshimika, zimezaa tofauti ambayo hatujui hata alama yake kama ni ya kuongeza au ya kutoa.

Mwalimu wa hisabati anaweza kuwapa wanafunzi wake mfano wa mwenye duka ambaye mauzo yake ni shilingi 1,800,000 na gharama zake 1,600,000, naye hukadiria vyote viwili kwa jicho. Usimwulize faida.

Chombo chenyewe

Kipimamvua kilichozoeleka katika vituo vyetu ni mcheduara wa bati au shaba wenye mdomo wa kipenyo cha milimita 127, yaani inchi tano, kiwango kilichotoka Uingereza. Mvua ya milimita moja huacha ndani yake sentimita za ujazo 12.7 za maji, ambazo hazijazi kijiko cha chakula. Eneo la mdomo huo ni mita za mraba 0.0127. Tuseme bonde zima la Ziwa, pamoja na nchi kavu, lina vipimamvua 500. Ukivikusanya vyote midomo kwa midomo vitachukua mita za mraba 6.3, pungufu ya sakafu ya chumba kidogo cha kulala. Bonde lenyewe ni kilomita za mraba 250,000 hivi.

Hata pale kilipo, chombo hakikamati yote yanayokiangukia. Mwaka 1769 William Heberden, tabibu wa London, alieleza jaribio la ajabu. Aliweka vipimamvua vitatu karibukaribu: kimoja chini bustanini, kimoja juu ya paa la nyumba, na kimoja juu ya kanisa la Westminster Abbey. Kile cha paani kilipata maji machache kuliko cha bustanini, na kile cha kanisani kilipata zaidi kidogo tu ya nusu ya cha bustanini. Je, mvua huongezeka inaposhuka? Wapo waliodhani hivyo kwa muda mrefu. Mwaka 1861 William Stanley Jevons, ambaye baadaye alijulikana zaidi kwa elimu ya uchumi, alionyesha kuwa sababu ni upepo. Upepo ukikikuta chombo hupanda na kukimbia juu ya mdomo wake, nao huyachukua matone madogo na kuyapitisha ng'ambo. Kadiri chombo kinavyosimama juu ndivyo upepo unavyokuwa mkali, na ndivyo kinavyoibiwa.

Wizi huo, kwa mvua ya kawaida, hukadiriwa kuwa kati ya asilimia 2 na 10. Juu yake ongeza matone yanayobaki yakilowesha kuta za mpare bila kufika chupani, jambo linaloumiza hasa mahali penye manyunyu mengi madogo. Ongeza na maji yanayovukizwa kabla msomaji hajafika saa tatu asubuhi. Kisha kuna mambo ambayo vitabu vya ng'ambo havikuyataja sana tulipovisoma, bali kila mkaguzi wa vituo anayafahamu: mwembe uliokuwa mche kituo kilipofunguliwa na sasa umekifunika kwa matawi, ukuta mpya wa ofisi, mbuzi waliopindua chupa.

Jambo la kuzingatia ni kwamba hitilafu hizi, isipokuwa chache, huelekea upande mmoja. Chombo hupunguza, ni nadra kiongeze. Mwanafunzi hufundishwa kwamba ukirudia kipimo mara nyingi na kuchukua wastani, hitilafu hupungua, na ndivyo ilivyo kwa hitilafu za bahati nasibu, ambazo leo huongeza na kesho hupunguza. Vituo mia moja huzipunguza mara kumi. Lakini vituo mia moja ambavyo vyote huibiwa asilimia 7 na upepo vitatoa wastani ulioibiwa asilimia 7, na wingi wao utatupa imani tusiyostahili kuwa nayo.

Usiku juu ya Ziwa

Shaka iliyo kubwa kuliko zote, hata hivyo, si ya chombo bali ya mahali kilipowekwa. Katikati ya Ziwa hakuna anayeishi, wala hakuna mlingoti wa kutundika kipimamvua.

Tungeweza kuchukua vipimo vya pwani na kusema vinatosha, kama Ziwa lingekuwa sahani tupu. Lakini Ziwa hujitengenezea hali yake ya hewa. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji. Hewa yake hupaa, na upepo huvuma kutoka Ziwani kwenda bara, ndiyo maana ngurumo za alasiri husikika milimani. Usiku mambo hugeuka. Nchi hupoa, maji hubaki na joto lake, na pepo za kutoka pande zote za pwani hukutana juu ya Ziwa, zikapandisha hewa yenye unyevu na kuzaa dhoruba usiku wa manane hadi asubuhi. Wavuvi wa dagaa, ambao kazi yao ni ya usiku na taa, wanazifahamu dhoruba hizo kuliko mtaalamu yeyote, na wengi zimewachukua.

Kwa kuwa upepo wa jumla hutoka mashariki, mawingu husukumwa magharibi. Bukoba hupata takribani milimita 2,000 kwa mwaka. Musoma, upande wa pili wa maji yaleyale, hupata 800 hivi. Mwanza iko kati, kwenye 1,100. Chukua wastani wa miji hiyo mitatu: 1,300. Sasa ongeza kituo kimoja tu cha kisiwani, Kalangala katika visiwa vya Sese, na tukipe 2,100. Wastani unaruka hadi 1,500. Uamuzi wa kukihesabu au kukiacha kisiwa kimoja umebadili mvua ya Ziwa kwa milimita 200, nasi bado hatujamlaumu msomaji wa kipimo hata mmoja.

Mmarekani Thiessen alipendekeza mwaka 1911 kwamba kila kituo kipewe uzito kwa kadiri ya eneo lililo karibu nacho kuliko kituo kingine chochote. Njia hiyo ni nzuri, na mwanafunzi wa kidato cha tatu anaweza kuichora kwa rula na bikari. Lakini haiumbi kipimo mahali pasipo na kipimo. Ukiitumia hapa, Musoma na Bukoba zitagawana kilindi ambacho si mali ya yeyote kati yao.

Setilaiti zimesaidia. Ile iliyoitwa TRMM, ya Marekani na Japani, iliyorushwa mwaka 1997 na kumaliza kazi mwaka 2015, ilibeba rada iliyoona dhoruba za usiku juu ya Ziwa kwa uwazi ambao hatukuwahi kuwa nao. Hata hivyo, setilaiti haipimi maji. Hupima mwangwi wa rada au joto la kilele cha wingu, na kutoka hapo hukadiria. Makadirio hayo husahihishwa kwa kutumia vipimamvua vya ardhini. Penye vipimamvua vichache, anayesahihishwa na anayesahihisha wanategemeana kama vipofu wawili barabarani. Nasi tunajua kwamba baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977, na idara ya pamoja ya hali ya hewa kugawanyika, vituo vingi vilivyokuwa vikisomwa kila siku vilinyamaza.

Kuligeuza swali

Iko njia nyingine, nami naiona kuwa ndiyo yenye mafunzo makubwa zaidi kwa darasa. Badala ya kuuliza mvua iliyoingia, tuliulize Ziwa lenyewe. Kina cha Ziwa kimesomwa tangu 1896, na ni kipimo chepesi: ubao wenye alama, na jicho. Upepo huweza kuinamisha maji kwa muda, lakini wastani wa vituo kadhaa huondoa kasoro hiyo, hata tukaamini kina cha mwaka kwa shaka ya milimita 10. Maji ya Jinja hupita bwawani na kuhesabiwa. Tuyape shaka ya asilimia 5, yaani milimita 26. Mito tuipe asilimia 10, milimita 34.

Mvua ukitoa uvukizi ni lazima iwe sawa na Nile ukiongeza kupanda kwa Ziwa na ukitoa mito: 520 na 20, ukiondoa 340. Jibu ni lilelile, 200. Lakini shaka yake sasa ni kipeuo cha pili cha jumla ya 676, 1,156 na 100, yaani 44. Kutoka 241 hadi 44! Ziwa ni kipimamvua chenye mdomo wa kilomita za mraba 68,800.

Haja moja hakiitimizi. Chombo hicho kikubwa hutupa tofauti tu, wala hakisemi mvua ilikuwa ngapi na uvukizi ulikuwa mwingi kiasi gani. Mtu akikadiria mvua vibaya, kisha akautafuta uvukizi kwa kutoa, hesabu yake itakubaliana na Ziwa vizuri kabisa, huku namba zake mbili zikiwa na kosa lilelile lililofichwa mara mbili. Katika ripoti nyingi za mabonde yetu utakuta kiasi fulani, aghalabu maji yanayozama ardhini, kimepatikana kwa njia hiyo ya kuwa salio. Salio ni jalala la mizania: kila hitilafu ya kila kipimo kingine hutupwa humo, kisha likapewa jina la kitaalamu. Mwalimu awazoeze vijana kuuliza, katika kila mizania, ni kipi kilichopimwa na ni kipi kilichobakizwa.

Katika mabonde ya nyika hakuna ziwa la kuulizwa, na hatari ni kubwa zaidi. Chukua bonde linalopata milimita 800 za mvua, ambalo mto wake huondoka na milimita 60 tu, nyingine zote zikirudi angani kupitia majani na udongo. Asilimia 10 ya mvua ni milimita 80. Shaka peke yake inauzidi mto mzima. Hapo ndipo kibali cha skimu ya umwagiliaji kinapotolewa au kunyimwa.

Hasara yake inapoonekana

Mwaka 2005 na 2006 Ziwa lilishuka hadi kina ambacho hakikuwa kimeonekana tangu miaka ya 1920. Boti zilikwama matopeni, mabomba ya kuvutia maji ya miji yakabaki karibu na hewa, na Uganda ikakaa gizani kwa mgawo wa umeme. Tangu mwaka 2000 kituo cha pili cha umeme, Kiira, kilikuwa kimeongezwa kando ya kile cha zamani. Swali likawa: ni ukame, au ni mitambo? Laiti jibu lingetegemea vipimamvua peke yake, kila upande ungeweza kuchagua vituo vinavyoutetea. Bahati njema maji yaliyopita Jinja yalikuwa yameandikwa, na yakalinganishwa na yale ambayo mkataba wa zamani ungeruhusu. Makadirio yaliyofuata yaligawa lawama karibu nusu kwa nusu. Miaka kumi na minne baadaye, Mei 2020, Ziwa lilipanda na kukipita kidogo hata kile kilele cha 1964.

Kinyume chake, yapo maneno mengi yanayosemwa ambayo hesabu ndogo ingeyanyamazisha. Mtambo wa Ihelele, unaopeleka maji ya Ziwa hadi Kahama na Shinyanga, ulisanifiwa kutoa mita za ujazo 80,000 kwa siku. Ulipokuwa ukijengwa walikuwapo waliohofia kwamba utapunguza Nile. Zidisha kwa siku 365, gawanya kwa eneo la Ziwa: milimita 0.42 kwa mwaka. Shaka yetu juu ya mvua ya Ziwa, tuliyoikadiria kwa huruma, ni zaidi ya mara mia nne ya bomba hilo.

Kwa shule zinazotaka kuanza kupima, chombo kiwekwe mahali wazi, mbali na mti au jengo kwa umbali usiopungua mara mbili ya urefu wake, kisomwe saa tatu kamili asubuhi, na mvua iliyonyesha usiku iandikwe kwa utaratibu mmoja usiobadilika. Penye nafasi, kiwekwe na cha pili, kimoja juu ya paa, ili vijana warudie jaribio la Heberden wenyewe. La mwisho ni daftari. Siku ambayo mvua haikunyesha huandikwa 0.0. Siku ambayo hakuna aliyekwenda kusoma huandikwa kistari, wala si sifuri. Likizo ya Desemba huangukia ndani ya majira ya mvua katika kanda ya Ziwa, na shule inayofunga lango kisha ikajaza sifuri Januari huwa imeufuta mwezi mzima wa mvua katika wastani ambao mtu fulani, miaka ishirini baadaye, atautumia bila kujua.